Usukani mpya, swichi ngeni, na injini inayojivuta yenyewe

Swali: Fundi, nina pikipiki ya silinda moja, breki ya diski mbele, klachi ya kebo. Nimenunua usukani wa alumini, mpana kuliko ule wa zamani, pamoja na swichi za kushoto na kulia ambazo si za pikipiki hii. Usukani umekaa, lakini nikikata kushoto injini inapanda yenyewe, na paipu ya breki imekakamaa kama kamba ya kuanikia nguo. Swichi nazo zina nyaya kumi na kitu. Rangi nyingine zinafanana na za pikipiki yangu, nyingine sijawahi kuziona. Naweza kuunga zinazofanana kwanza, halafu nikabahatisha zilizobaki?

Jibu: Usibahatishe hata waya mmoja. Lakini nyaya zinaweza kusubiri wiki nzima bila kumdhuru mtu. Hiyo injini inayopanda ukikata kushoto haisubiri, na pikipiki isitoke hapo ilipo mpaka tumemalizana nayo.

Kebo ya mafuta ni waya unaoteleza ndani ya ganda. Ukikata kushoto, ncha ya kulia ya usukani, ile inayobeba gripu ya mafuta, inasogea mbele na kuikimbia kabureta. Usukani wako ni mpana, kwa hiyo inakimbia mbali zaidi kuliko zamani. Ganda likiishiwa urefu linanyooka, linavutika, mwisho wake unang'oka kidogo kwenye kikalio chake, na kabureta haiwezi kutofautisha hilo na mkono wako ukivuta mafuta. Matokeo yake utayaona pabaya kabisa: unageuza polepole kwenye nafasi finyu, mguu mmoja uko chini, na pikipiki inaamua kuongeza mwendo.

Kabla ya kununua kebo ndefu, angalia inakopita. Mara nyingi kebo ilifungwa na pete au tai ya plastiki kufuata umbo la usukani wa zamani, na sasa inazunguka pasipo sababu. Ifungue pete zote, iache huru, kisha itafutie njia fupi isiyo na kona kali: pengine ipite mbele ya shokapu badala ya nyuma yake, au upande wa pili wa shingo ya fremu. Nimeshaona kebo "fupi" ikirudi kuwa ndefu ya kutosha kwa kubadilishiwa njia tu. Ila chunga pale kwenye kizuizi cha usukani, yaani kile kinundu cha chuma kinachogonga fremu usukani ukifika mwisho. Kebo au waya ukipita hapo utasagwa kidogo kila unapokata kona, na siku utakapokatika hutakumbuka kwamba wewe ndiye uliyeupitisha.

Ikiwa bado haitoshi, basi ni kebo mpya. Pima hivi: chukua kamba isiyonyumbuka, ipitishe njia ileile ambayo kebo itapita, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho upande unaovuta zaidi, kisha linganisha na ganda la zamani. Tuseme imezidi sentimita 8. Ganda jipya liwe refu kwa sentimita 8, na waya wa ndani nao uzidi kwa sentimita 8 zilezile. Kinachoiendesha kabureta ni tofauti kati ya waya na ganda, na tofauti hiyo ibaki kama ilivyokuwa. Wapo wanaoagiza waya mrefu ndani ya ganda lilelile, halafu wanashangaa gripu inazunguka nusu nzima kabla injini haijasikia. Kama pikipiki yako ina kebo mbili za mafuta, ya kufungua na ya kufunga, pima zote mbili.

Gripu iwe na ulegevu kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 2 na 6, ukipima kwenye ukingo wa gripu. Kile kirekebishaji cha kebo ni cha kutafutia milimita hizo, si cha kuficha ufupi wa kebo. Kipimo cha mwisho ni sikio: washa injini ikiwa imesimama, iache iungurume taratibu, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio usibadilike hata kidogo. Halafu zima, vuta gripu yote na uiachie ghafla, usukani ukiwa kushoto, katikati, kulia. Mara zote tatu irudi yenyewe na utasikia "tak" ya kipepeo, kile kibati cha ndani ya kabureta, kikifunga. Ikirudi kwa kusuasua hata upande mmoja, kazi haijaisha.

Kebo ya klachi haina hatari ya namna hiyo lakini ina ujanja wake. Ikikazwa na usukani, klachi inakuwa imekanyagwa nusu kila unapokata kona, nawe utaona sahani za klachi zimeungua bila kujua kisa. Ulegevu wa milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi ni wa kawaida kwa pikipiki nyingi za Kijapani, na uwepo usukani ukiwa pande zote.

Paipu ya breki

Umesema imekakamaa. Swali langu ni moja: imekakamaa gurudumu likiwa chini, au ulilinyanyua? Watu wengi hupima paipu pikipiki ikiwa imesimama na uzito wake umeshabana shokapu. Barabarani, gurudumu likiruka tuta, shokapu zinanyooka na kalipa, ile inayobana diski, inashuka. Hapo ndipo paipu inahitaji urefu wake wote. Kwa hiyo inua mbele mpaka gurudumu lining'inie, kata usukani mpaka mwisho pande zote, na kila mahali paipu iwe na tao lenye ulegevu. Ikiwa imenyooka tu kama ulivyoeleza, agiza ndefu yenye ncha za pembe inayofaa. Kuunga kipande katikati ya paipu ya breki, sitakueleza namna ya kufanya, maana sitaki ufanye.

Kwenye kila bolti yenye tundu inayofunga ncha ya paipu panakaa washa mbili za shaba au alumini. Weka mpya, za zamani zimeshabonyea na zitavuja. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake pale kwenye usukani, kwa kawaida DOT 4. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni, ni ukoo mwingine kabisa, haichanganywi nazo licha ya jina kufanana. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowana maji, kwa sababu mafuta haya hula rangi, na tone moja ulilolipuuza leo kesho ni doa.

Wakati wa kutoa upepo, ukiona umefuata taratibu zote pale kwenye kalipa na mkono bado unabonyea kama sifongo, angalia juu. Povu hupanda, na mahali pa juu kabisa ni ile bolti ya paipu kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na mkono wa breki. Izungushie kitambaa, bana mkono wa breki, legeza bolti kidogo mpaka uone mafuta yenye povu, kaza kabla hujaachia mkono. Mara mbili tatu, na sifongo inageuka kuwa jiwe.

Hukusema kama ulibadilisha na masta silinda yenyewe. Kama ulibadilisha, soma namba iliyochongwa ubavuni: 11, 12.7, 14, 16, hizo ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. Pikipiki ya diski moja iliyotoka na 12.7, ukiifunga 16 kwa sababu inapendeza, kila ubanapo unasukuma mafuta mara 1.6 zaidi, lakini kwa nguvu ileile ya vidole shinikizo linashuka hadi kama asilimia 63 ya lilivyokuwa. Mkono utauona mgumu, mfupi, "wa kispoti", na breki itakuwa imepungua. Rudi kwenye kipenyo cha kiwandani.

Kibano cha masta silinda mara nyingi kina mshale au alama inayotazama juu. Bolti ya juu hukazwa kwanza mpaka kibano kiguse, kisha ya chini, pengo linabaki chini. Kopo la mafuta nalo liwe karibu na usawa usukani ukiwa umenyooka. Usukani wenye pembe tofauti hulilaza kopo, na mafuta yakipungua kidogo tu tundu la ndani hunywa hewa.

Usukani wenyewe

Umesema umekaa. Hebu hakikisha umekaa kwenye kipimo chake. Sehemu ya gripu karibu zote ni milimita 22.2, pikipiki za mtindo wa Harley-Davidson hutumia 25.4. Usukani mnene wa kisasa ni 28.6 katikati, ukichongoka hadi 22.2 kwenye mikono, na unahitaji vibano vyake. Kama wako ni 22.2 ndani ya vibano vya 25.4 na mtu amejazia kwa bati la kopo, vua. Zipo bushi za kufanyia kazi hiyo, zimechongwa kwa kipimo.

Vifuniko vya vibano vina alama ya nukta upande mmoja. Kwa pikipiki nyingi nukta inatazama mbele, bolti za mbele zinakazwa kwanza na pengo linabaki nyuma. Nyingine zinataka pengo sawa pande zote mbili. Bolti za milimita 8 hapo mara nyingi hukazwa kati ya newtoni-mita 20 na 28, ila fuata kitabu cha pikipiki yako. Pafute pakauke kabisa, pasiwe na grisi wala mafuta. Alumini ikikazwa kupita kiasi huwa haisemi kitu. Inachanika baadaye, pale pale kwenye ukingo wa kibano ambako mzigo ni mkubwa kuliko popote. Na usukani wa alumini ulioanguka ukapinda haunyooshwi. Unatupwa.

Kuhusu ile pini ndogo iliyo ndani ya swichi, inayotaka tundu kwenye usukani. Una njia mbili: toboa tundu, au saga pini kwa tupa. Wengi husaga. Mimi upande wa kulia napendelea kutoboa kama mtengenezaji wa usukani anaruhusu, kwa sababu nyumba ya gripu ya mafuta ndiyo inayoshikilia kebo, na ikizunguka unapovuta, kebo nazo zinazunguka. Tundu hilo liko nje karibu na gripu, mbali na kibano, mahali ambapo usukani haubebi mzigo mkubwa. Toboa ukuta mmoja tu, kwa kipenyo cha pini, na ulainishe kingo.

Lakini usitoboe leo. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipima kwa rula, nikatia alama, nikatoboa, nikajisifu. Nilipovaa gripu na mkono wa breki, swichi ilikuwa imekaa ndani kwa upana wa kidole gumba, na kitufe cha kuzimia injini hakifikiki bila kuachia gripu. Nikalazimika kutoboa tundu la pili sentimita mbili kando ya la kwanza, kisha nikaishi na aibu ya matundu mawili kila nilipovua swichi ile. Sasa navalisha kila kitu kikiwa kimelegea: gripu, mikono, swichi, vioo. Nakaa, nafumba macho, naweka mikono inapojipeleka yenyewe. Nafumbua. Vidole viwe vimenyooka sambamba na mkono mzima juu ya breki na klachi, gumba lifike kwenye indiketa na honi bila kutafuta. Ndipo natia alama.

Gripu za mpira ukinunua jozi utaona moja ina tundu kubwa. Hiyo ni ya kulia, inavaa juu ya bomba la plastiki la mafuta. Acha milimita 2 au 3 kati ya ncha ya bomba hilo na uzito wa mwisho wa usukani, lisisuguane. Uzito huo nao, kabla hujaununua, pima tundu la usukani: wa chuma kwa kawaida una nafasi ya kama milimita 18 ndani, wa alumini kama 14, maana ukuta wake ni mnene. Vioo: nyuzi za kioo cha upande wa kulia cha Yamaha nyingi zinakazwa kinyume, kwa hiyo kisipoingia usikilazimishe.

Sasa nyaya

Unauliza kama uunge rangi zinazofanana. Tazama rangi nyeusi peke yake. Kwenye Honda, nyeusi ni waya wa moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye Yamaha, nyeusi ni ethi, yaani waya wa hasi unaorudi kwenye fremu. Kwenye Suzuki, nyeusi ni indiketa ya kushoto. Nyeusi yenye mstari mweupe kwenye Suzuki ni ethi. Kwenye Honda ndiyo ya kuzimia injini. Kijani ya Honda ni ethi, kijani ya Kawasaki ni indiketa ya kushoto. Kwa hiyo ukichukua swichi iliyotengenezwa kwa utaratibu wa Yamaha ukaunga nyeusi kwa nyeusi kwenye pikipiki ya Honda, umepeleka moto mahali palipotarajiwa ethi. Ukiwa na bahati honi haitalia. Ukikosa bahati, waya huo unagusa chuma cha usukani mahali fulani na fyuzi inakwenda. Na swichi zisizo na jina, zile za kwenye pakiti tu, hazifuati utaratibu wa yeyote.

Rangi si lugha moja, lakini mguso ni ule ule popote. Kwa hiyo unachohitaji ni mita ya umeme yenye mlio, karatasi, na swichi yako ya zamani. Hiyo ya zamani usiitupe, ndiyo kamusi yako. Kila kazi inayofanywa na kitufe chake inakuambia waya husika wa pikipiki unafanya nini.

Ichomoe swichi ya zamani kwenye soketi yake, iweke mezani. Shika ncha mbili za mita kwenye nyaya mbili, bonyeza honi. Jozi inayolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia, hiyo ni honi. Andika rangi zake. Nenda indiketa: sukuma kushoto, tafuta jozi; sukuma kulia, tafuta jozi. Waya mmoja utajitokeza mara zote mbili. Huo unatoka kwenye flasha, kile kinachozifanya indiketa ziwake na kuzimika, na ile miwili mingine inakwenda kwenye taa. Taa kubwa hivyo hivyo: waya mmoja wa kuingia, mmoja wa chini, mmoja wa juu. Ukifika katikati ya swichi unaweza kukuta yote mitatu inalia pamoja. Si ubovu, imetengenezwa hivyo ili taa isizimike wakati wa kubadilisha. Kitufe cha kuomba njia huunganisha moto moja kwa moja na taa ya juu. Ukimaliza, fanya yaleyale kwa swichi mpya. Sasa una karatasi mbili, na unaunga kazi kwa kazi. Rangi umeshazisahau.

Kuna sehemu ambapo karatasi mbili zitakataa kukubaliana. Kubwa kuliko zote ni kitufe cha kuzimia injini.

Vipo vya aina mbili. Aina ya kwanza hukata moto: kikiwa kwenye kuwaka, nyaya zake mbili zimegusana, ukizima zinaachana. Aina ya pili, inayopatikana sana kwenye pikipiki ndogo zenye CDI (kile kisanduku kinachotoa cheche) inayolishwa na koili ya sumaku, hufanya kinyume: kikiwa kwenye kuwaka nyaya hazigusani, ukizima waya wa CDI unapelekwa ethi na cheche inakufa. Mita inakuambia papo hapo kila kimoja ni cha ukoo gani. Kama swichi ya zamani na mpya ni za koo tofauti, kugeuza nyaya hakusaidii, maana waya mbili zilizogeuzwa ni waya mbili zilezile. Baadhi ya swichi zina mguso wa pande zote mbili na waya wa tatu uliokunjwa ndani, fungua uone. Usipoukuta, tumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, yenye mguso unaojifunga ukiiacha bila umeme, ule ulioandikwa 87a, iligeuze tendo.

Mimi CDI niliyoiua iliuawa hapa. Niliona waya mweusi wenye mstari mweupe unaingia kwenye swichi, nikasema huu unangoja moto, nikaupa volti 12 za betri. Pikipiki haikupiga hata kikohozi. CDI ya koili haikutengenezwa kupokea betri kwenye waya huo, inangoja ethi tu. Ukiushika injini ikizunguka nao unaweza kukurusha, kwa hiyo pima ikiwa imezimwa.

Honi nayo ina ukoo mbili, lakini hasara yake ni ndogo. Pikipiki nyingine honi ina moto muda wote na kitufe kinaipa ethi. Nyingine kitufe kinaipa moto. Swichi mpya ikiwa na waya mmoja tu wa honi, inategemea chuma cha usukani kuwa ethi. Usukani uliopakwa rangi nene, au uliokaa juu ya bushi za mpira, hautoi ethi hiyo, na honi italia siku inayotaka. Pitisha waya wa ethi wa kwake mpaka kwenye fremu.

Kitufe cha stata: kihesabu nyaya. Pikipiki nyingi kina mguso wa ziada unaozima taa kubwa wakati stata inazunguka, ili betri isihangaike na vyote viwili. Kitufe cha zamani kina nyaya nne, kipya kina mbili. Ukiunga hizo mbili stata inafanya kazi na taa kubwa haiwaki tena. Hapo mtu hubadilisha balbu, kisha fyuzi, kisha hufungua soketi ya taa. Jibu ni kuunganisha zile nyaya mbili za taa zilizobaki zisizo na kitufe.

Usiisahau swichi ndogo ya breki iliyo chini ya mkono, wala ya klachi. Mkono mpya usipokuwa nayo, taa ya breki haitawaka ukibana ya mbele, na aliye nyuma yako hajui unasimama. Ya klachi, pikipiki nyingi hazipigi stata bila kuiona imefungwa. Kuifungia waya wa kudumu ni rahisi sana. Siku utakapopiga stata ikiwa kwenye gia ndipo utakapojua kazi yake.

Taa kubwa ya wati 60 kwa volti 12 inakunywa ampea 5, ya wati 35 karibu 3. Vitufe vidogo vya pakiti, hasa vile vya duara vinavyopendeza, havikuumbwa kwa hilo. Plastiki inalainika kimya kimya. Weka rilei: kitufe kinaendesha miguu iliyoandikwa 85 na 86, moto wenye fyuzi unaingia 30 na kutokea 87. Ila kwanza pima kama taa yako inalishwa na betri. Kuna pikipiki ndogo ambazo taa kubwa inapata umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili, na rilei ya kawaida hapo itatetemeka kama nyuki. Na kama mita yako, badala ya kulia, inaonyesha mamia au maelfu ya omu kwa kila kitufe, na nyaya ni mbili tatu tu kwa kazi zote, hapo swichi zinazungumza na kompyuta. Simama. Swichi za kawaida hazitaungana nayo bila kifaa chake cha kutafsiri.

Viungo viweke ndani ya nyumba ya taa kubwa, si shingoni ambako nyaya zinapinda kila ukikata kona. Lehemu hunyonywa ndani ya waya na kuufanya mgumu, na waya mgumu unaopindwa hukatika kwenye ukingo wa ugumu. Kama lazima uunge shingoni, tumia kibano cha shaba na mpira wa kusinyaa kwa joto. Usikate nyaya za pikipiki. Nunua soketi inayolingana na ya kwake, kata mkia wa swichi mpya uuvalishe soketi hiyo, na siku ukichoka unarudisha ya kiwandani kwa kuchomeka. Kupitisha nyaya ndani ya usukani, tafadhali, isiwe kazi yako ya kwanza. Kama usukani haukuja na matundu hayo kutoka kiwandani, usiutoboe karibu na kibano kwa sababu ya urembo.

Kabla ya kurudisha fyuzi kuu, weka balbu ya volti 12, wati 21, mahali pake. Zima taa zote, fungua ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote kuna mguso wa moto na ethi, nawe hujachoma kitu. Ikizimika au ikififia, jaribu kitu kimoja kimoja: honi, indiketa, breki. Taa kubwa itaifanya iwake, hiyo haikutishi.

Mwisho, upana wenyewe. Kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uangalie vidole vyako na tangi: gripu wala swichi zisiguse, na pabaki nafasi ya dole gumba. Kisha angalia mkono wa nje. Ukinyooka kabisa kiasi cha kuuvuta mwili, usukani ni mpana kwako. Nyingi zina alama za kukatia kwenye ncha. Punguza sentimita moja kila upande, vaa gripu, kaa tena. Na ukishapunguza, zile kebo na paipu ulizokuwa unataka kuagiza zipime upya kwa ile kamba, pengine hutazihitaji.